Alikuwa Akienda Wapi?

Twasema kila siku ya kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa. Hayo ndiyo tuwaambiayo watoto wetu, na ndiyo niliyokuwa nikiwafundisha mimi mwenyewe darasani kwa miaka mingi. Lakini jambo lililotokea kijijini kwetu limenilazimisha kuyapima maneno hayo tena, nami nataka tuyapime pamoja.

Mtoni kwetu pana jabali refu, na chini yake pana kilindi cha maji. Wavulana hupenda kurukia humo siku za joto. Jioni moja, baada ya masomo, nilipita hapo nikawakuta wakiruka kutoka begani mwa jabali, mahali pasipo na hatari kubwa. Mvulana mmoja, mwanafunzi wangu, aliruka vizuri kuliko wote, na wenziwe wakampigia makofi. Nami nikasimama, nikacheka, nikasema kwa sauti, "Huyu ndiye mwanamume!" Basi aliposikia sifa ile kinywani mwa mwalimu wake, hakurudi tena begani, akapanda mpaka kileleni. Nilimwona akipanda, wala sikumwita. Akasimama huko juu, akatutazama, akaruka, akaangukia mwamba uliofichwa na maji. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na hata leo huchechemea.

Usiku ule nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, mtoto alikuwa akienda wapi?" Nikamjibu, "Hakuwa akienda popote, mama. Alikuwa akiruka tu." Akanyamaza, akaendelea kumkanda mtoto kichwa. Tangu siku ile swali hilo halijaniacha.

Katika kulitafakari nilikumbuka habari za watu wa Marekani na Ulaya waliojitupa hatarini mbele ya makutano. Wakati wao majina yao yalijaa magazetini. Leo wawajuao ni wachache. Nitazisimulia habari zao kwa ufupi, si ili tuwacheke, bali ili tuutie ushujaa katika mizani ya yule mama.

Wa kwanza ni Sam Patch. Tangu utoto alifanya kazi katika kiwanda cha pamba, na huko alijifunza kurukia mtoni kutoka mahali pa juu. Watu wakamsifu. Mwaka 1827 akaruka penye maporomoko ya Paterson, na mwezi wa Oktoba 1829 akaruka kando ya maporomoko makubwa ya Niagara, yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada, akatoka majini mzima. Mwezi uliofuata akaenda mji wa Rochester, akaruka tarehe 6 Novemba penye maporomoko ya mto Genesee, akapona tena. Mtu angedhani ametosheka. Lakini sifa ya jana haimshibishi mtu leo. Akatangaza ya kuwa ataruka mara ya pili mahali pale pale, na safari hii akajengewa jukwaa juu ya jabali ili kimo kizidi. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Novemba 1829, maelfu ya watu walikusanyika. Wengine waliomwona walisema alikuwa amekunywa pombe. Akaruka, na hakuonekana tena hata wakati wa masika ya nchi ile, mwili wake ulipopatikana katika barafu ya mto.

Wazee wetu walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sam Patch hakuua mtu wala hakuiba. Alisifiwa tu, na sifa ile ikamdai kila siku zaidi ya alivyolipa jana.

Baada yake walikuja wengine Niagara. Mahali pale maji ya mto mzima huanguka kutoka kimo cha futi zaidi ya 150, na mvumo wake husikiwa mbali. Tarehe 24 Oktoba 1901 mwanamke mmoja, jina lake Annie Edson Taylor, aliingia ndani ya pipa la mbao lililotandikwa magodoro, akafungiwa, akaachwa achukuliwe na maji mpaka chini. Siku ile ndiyo aliyotimiza miaka 63. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa ualimu. Nasikitika kila nisomapo habari hiyo, maana ni mwalimu mwenzangu. Hakufanya hivyo kwa kupenda mchezo. Aliona uzee unakuja na mfuko mtupu, akaogopa kufa katika nyumba ya maskini, akafikiri ya kwamba watu watatoa fedha kumwona yeye na pipa lake. Akatoka hai, ana jeraha la kichwani tu, wa kwanza kabisa kushuka Niagara ndani ya pipa na kuishi. Neno lake kwa watu lilikuwa la kuwaonya wasijaribu jambo lile. Na fedha je? Wakala wake alitoroka na lile pipa, na kidogo alichopata kikaishia katika kulitafuta. Akafa mwaka 1921 katika hospitali ya maskini, mahali pale pale alipopaogopa.

Mwaka 1911 Bobby Leach alishuka ndani ya pipa la chuma. Mifupa yake ikavunjika, akalala hospitali miezi mingi, kisha akazunguka dunia akionyesha pipa lake. Mwaka 1926, akiwa New Zealand, alikanyaga ganda la chungwa njiani, akateleza, akaumia mguu. Mguu ukaoza, ukakatwa, naye akafa. Yule ambaye Niagara haikumwua aliuawa na ganda la chungwa. Kwa hiyo aokokaye hatarini asijidhanie ya kuwa ameishinda mauti, ameahirishwa tu.

Leach alipokuwa hai alimwonya mtu mwingine, Charles Stephens, kinyozi wa mji wa Bristol katika Uingereza, baba wa watoto 11. Stephens alikuwa ametengeneza pipa zito la mbao, na shauri lake lilikuwa kujifunga fuawe la chuma miguuni ili pipa lisipinduke. Leach, pamoja na William Hill, mtu aliyeujua mto ule kuliko wengine, walimsihi alitupe kwanza pipa lile tupu, aone litakavyokuwa. Akakataa. Tarehe 11 Julai 1920 akashuka. Pipa lilipopiga maji, fuawe likatoboa chini likaenda naye. Kilichopatikana ni mkono wake wa kuume tu, nao ulikuwa umechorwa ngozini maneno ya kumwomba Annie asimsahau. Basi ulimwengu umemsahau.

Sasa msomaji aweza kusema, "Hawa ni wapumbavu, twajisumbua bure." Ndivyo nilivyosema mimi nilipozisoma habari hizi mara ya kwanza. Lakini tazama vema. Mmoja alikuwa mtoto wa kiwandani ambaye hakuna aliyemjua kabla hajaruka. Mmoja alikuwa mjane aliyeogopa njaa. Mmoja alikuwa kinyozi mwenye watoto 11. Je, hatuwajui watu kama hao? Tamaa ya kutajwa, na hofu ya umaskini, zimo katika kila kijiji. Tofauti ni kwamba sisi hatuna Niagara.

Habari inayonigusa kuliko zote ni ya Franz Reichelt, mzaliwa wa dola ya Austria-Hungaria, fundi wa nguo katika mji wa Paris, Ufaransa. Siku zile eropleni zilikuwa mpya, na warushaji wengi walikuwa wakianguka na kufa. Reichelt akaona huruma, tena akaona faida, akaanza kushona vazi ambalo mrushaji angeweza kulivaa, likakunjuka kama mwavuli wakati wa kuanguka, likamshusha polepole. Kusudi hilo ni jema. Nani awezaye kulilaumu? Akalivika sanamu, akazitupa kutoka juu. Zikaanguka kwa kishindo zikavunjika. Akafikiri ya kuwa kosa si la vazi bali la kimo, maana mahali alipozitupia palikuwa pafupi mno. Akaomba ruhusa ya polisi atumie Mnara wa Eiffel, akapewa, nao walidhani atatupa sanamu.

Siku ya Jumapili, tarehe 4 Februari 1912, asubuhi na mapema, alifika mnarani amevaa vazi lile mwenyewe. Palikuwa na baridi kali. Waandishi wa magazeti walikuwako, na watu wa kupiga picha za sinema walikuwako. Rafiki zake wakamsihi aitupe sanamu kwanza, akakataa. Akapanda mpaka daraja ya kwanza ya mnara, yenye kimo cha meta 57, akasimama juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza penye ukingo. Picha ile ya sinema ipo hata sasa, na waliyoiona wamehesabu: alisimama pale muda wa nukta kama 40, akitazama chini, akisogeza mguu na kuurudisha. Kisha akaruka. Vazi likamzinga mwilini, akapiga chini akafa.

Nimezifikiri sana zile nukta 40. Nadhani wakati ule Reichelt alijua. Sanamu zake zilikuwa zimemwambia kweli, na mguu wake ulikuwa ukimwambia kweli. Lakini kushuka ngazi mbele ya waandishi na picha, na kusema, "Sitaruka leo, vazi halijawa tayari," kulimshinda. Hakuwa na woga wa kufa uliomtosha kumzuia. Alikuwa na woga mwingine uliomzidi nguvu, nao ni woga wa aibu. Basi twasemaje ya kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa? Mtu huyu alikufa kwa kuogopa.

Siku ile ile, Jumapili ya tarehe 4 Februari 1912, kulitokea jambo lingine, nalo lilitokea Niagara. Wakati wa baridi kali barafu hujazana mtoni chini ya maporomoko, ikashikamana kama daraja, na siku zile watu waliruhusiwa kutembea juu yake. Adhuhuri barafu ikavunjika ghafula ikaanza kuchukuliwa na maji. Waliokuwa juu yake wakakimbilia kando. Mtu mmoja, Eldridge Stanton wa Toronto, alikuwa na mkewe. Mkewe akaanguka asiweze kukimbia tena, naye mumewe akapiga kelele kuomba msaada. Kijana mmoja wa miaka 17, Burrell Hecock, alikuwa akikimbia kujiokoa. Aliposikia, akageuka akarudi kuwasaidia. Barafu ikakatika, ikawachukua wote watatu. Watu waliokuwa juu ya madaraja ya mto wakateremsha kamba. Hecock akaishika moja, akavutwa juu. Lakini mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, ikamwacha, akaanguka. Stanton naye akakamata kamba, badala ya kujifunga mwenyewe, akajaribu kumfunga mkewe, kamba ikakatika. Wakapiga magoti wamekumbatiana, wakaenda na maji.

Haya, wasomaji, tuwaweke mizanini watu wawili waliokufa siku moja. Wote wawili walikufa mbele ya macho ya watu. Wote wawili walishindwa: vazi halikufunguka, na yule mke hakuokolewa. Kama twapima ushujaa kwa ukubwa wa hatari, ni sawasawa. Kama twaupima kwa matokeo, ni sawasawa pia, maana hakuna aliyefanikiwa. Walakini kila moyo wajua ya kuwa si sawasawa. Kwa nini?

Ndipo linapokuja swali la yule mama: Alikuwa akienda wapi? Hecock alikuwa akienda kwa mtu. Palikuwa na mwanamke juu ya barafu, naye alikwenda kwake. Hatari ilikuwa njiani tu, hakuitafuta. Lakini atafutaye sifa huenda kwenye hatari yenyewe, na ukiiondoa hatari hana safari tena. Hii, nadhani, ndiyo alama ya kwanza ya ushujaa wa kweli. Mkunga atokaye usiku wa mvua kumwendea mzazi ng'ambo ya mto, angefurahi kama mto ungekuwa mkavu. Mrukaji wa Rochester angehuzunika.

Alama ya pili ni kwamba shujaa hukubali kuonywa. Atakaye kufika aendako huuliza njia, hupima kina, husikia asemaye pana mamba. Stephens alionywa na mtu aliyepita njia ile ile, asisikie. Reichelt alionywa na sanamu zake mwenyewe. Tusiseme basi ya kwamba twakataza kujaribu mambo mapya. Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka kwa mwavuli kutoka angani juu ya Paris mwaka 1797, akafika chini salama, na tangu hapo miavuli hiyo imetengenezwa vizuri zaidi hata imeokoa roho nyingi. Kujaribu ni kwema. Lakini ajaribuye kwa kweli ataka kujua. Na aliyekwisha kujibiwa, kisha akaruka, hajaribu tena, ajikaidi.

Alama ya tatu ni macho ya watu. Jiulize, kama sisi sote tungaliondoka pale mtoni, je, mwanafunzi wangu angalipanda kileleni? Najua hangalipanda. Na je, kama kingo za Niagara zingalikuwa tupu, Hecock angaligeuka? Naamini angaligeuka, maana sauti aliyoisikia haikuwa ya kumsifu, bali ya kuomba.

Sisi tusomao Injili twaijua habari ya ncha ya hekalu. Bwana wetu aliambiwa ajitupe chini mbele ya mji, akakataa, ingawa aliahidiwa kuchukuliwa na malaika. Ni huyo huyo ambaye baadaye hakukataa kwenda Yerusalemu, akijua litakalompata. Basi kukataa kuruka hakukuwa woga, wala kwenda msalabani hakukuwa kutafuta hatari. Mara zote mbili alijua aendako.

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Vijana huielewa kuwa dhihaka juu ya mwoga. Wazee huielewa kuwa onyo juu ya shujaa. Mimi naona ina jambo la tatu ndani yake. Mwoga huyu wa mithali amechekwa, akakivumilia kicheko, akarudi nyumbani kwa mama yake. Je, hilo ni jepesi? Laiti Reichelt angaliliweza! Katika zile nukta 40, ushujaa ulikuwa ngazini, haukuwa ukingoni. Kushuka mbele ya watu wachekao kwahitaji moyo mkuu kuliko kuruka mbele ya watu wasifuo. Kwa hiyo enyi vijana, wenzenu wakiwaambia, "Kama u mwanamume, kunywa hiki," au, "Kama u mwanamume, vuka sasa mto ukiwa umefurika," kumbukeni ya kuwa yule asemaye, "Mimi siendi," huenda ndiye mwenye moyo peke yake kati yenu.

Limesalia neno moja, nalo ni zito kwangu kuliko yote. Habari hizi zote huwataja walioruka. Hakuna aandikaye majina ya waliotazama. Lakini walikuwako. Maelfu walikuja Rochester, na wengi walisimama Niagara. Hawakumsukuma mtu. Walisimama tu, kama nilivyosimama mimi. Watu husema, kifo cha wengi arusi. Na kweli, mahali pengine watazamaji wengi huifanya mauti ya mtu ionekane kama sherehe. Aliyeruka amelipa deni lake lote siku ile ile. Sisi tuliopiga makofi twarudi nyumbani, twala chakula, twasema, "Maskini, alikuwa kaidi." Je, hatuna sehemu? Mimi nasema tunayo. Atoaye sifa kwa jambo la bure amenunua jambo lile. Na likiwa la mauti, amenunua mauti kwa bei ya makofi. Nasi walimu na wazazi tuna sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa neno letu moja lina uzito kuliko makofi ya watoto hamsini.

Kwa sababu hiyo nilikwenda tena kwa yule mvulana, mguu wake ulipokuwa bado umefungwa mbao. Si desturi ya mwalimu kumwomba mwanafunzi wake radhi, nami nilizunguka nyumba yao mara mbili kabla sijabisha hodi. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Mwanangu, mimi ndimi niliyekupandisha kule juu. Unisamehe." Akaona haya, akasema, "Si wewe, Mwalimu, ni mimi mwenyewe." Mama yake akasema, "Ni ninyi wote wawili," akatuletea uji.

Nimewaandikia haya ili ninyi msingoje mguu uvunjike. Tukimwona mtoto akipanda jabali, tumwite. Tukiona kijana akisifiwa kwa sababu ya hatari tu, tusiongeze sauti zetu. Na kila mmoja wetu, anapotaka kufanya jambo la kushangaza watu, ajiulize kwanza kwa siri lile swali la yule mama. Akiona hana jibu, na ashuke, hata wakimcheka.